Sarafu za Kilwa: Ushahidi Ulioachwa na Wazee Wetu



Ndugu zangu na dada zangu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, leo tuongee kuhusu sarafu.

Toa bob tano mfukoni uiangalie. Utaona kifaru. Wengi wenu mnakumbuka zile sarafu za zamani zilizokuwa na sura ya rais. Kwa nini sura ilitoka? Kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza kuweka picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, na sarafu mpya zikatolewa 2018 zikiwa na twiga, kifaru, simba na ndovu. Kwa hivyo sarafu ni zaidi ya nauli ya matatu. Inasema nani anatawala, kwa sheria gani, na watu wa hapo wanaamini nini. Mtu akiiokota miaka 700 ijayo, ataweza kutusoma.

Sasa twende Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania. Kuanzia karne ya 11 masultani wa Kilwa walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe. Nyingi ni za shaba, ndogo, na zimepatikana kwa maelfu. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, kwa herufi za Kiarabu. Na pande hizo mbili zina vina, kama shairi! Fikiria mama anayenunua samaki sokoni akiwa ameshika shairi mkononi.

Shaba ilikuwa ya sokoni. Dhahabu ilikuwa na mambo yake. Ilichimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, halafu ikapanda na jahazi hadi Kilwa, na kutoka hapo ikaelekea Arabuni, Uajemi na India. Zimejulikana sarafu tatu za dhahabu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Huyu ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, na ndiye aliyekuwa kwenye kiti Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji kwa uzuri wake. Sarafu yake moja ya shaba imepatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Tusogee Pemba. Mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za madini ya fedha, zenye majina ya watawala wa hapa hapa pwani. Pamoja nazo zilikuwemo dinari chache za dhahabu kutoka nje, zikiwemo za Wafatimi waliotawala Misri. Na hapa kwetu Kenya, pale Shanga katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Pia walipata visarafu vya fedha vyenye majina ya Kiislamu.

Kwa nini nawaambia haya nyinyi mnaoishi chini ya Mlima Kenya? Kwa sababu kuna swali mnaloulizwa shuleni, kazini, hata ofisini mnapofuata kitambulisho: "Nyinyi mmetoka wapi?" Kijana wa Majengo akishaulizwa hivyo mara kumi, anaanza kuamini kwamba yeye ni mgeni, na kwamba dini yake ilishuka kwenye meli juzi tu. Sasa hesabu. Wareno waliivamia na kuipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Siku hiyo, Uislamu ulikuwa umekaa katika pwani hii kwa zaidi ya miaka 700.

Kuna uongo mwingine wa zamani. Wazungu walipoyaona magofu haya walisema Mwafrika hangeweza kujenga mji wa mawe, kwa hivyo lazima Waarabu au Waajemi ndio waliojenga. Baadhi yetu tuliupenda uongo huo, tukajitafutia babu wa Shiraz na kumficha nyanya. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na maeneo ya karibu. Kwa wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, hasa kupitia mama zao. Upande wa baba kulikuwa na wageni, wengi wao kutoka Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza kama miaka 1,000 iliyopita. Babu mgeni alikuwepo. Nyanya mwenyeji alikuwepo pia, na nyumba ilikuwa kwao. Tusimkane yeyote.

Na msidhani bara lilikuwa limelala. Huko Mapungubwe, Afrika Kusini, katika makaburi ya wakuu wa karne ya 13, alipatikana kifaru mdogo wa dhahabu. Ndiyo, kifaru, kama wa bob tano yako. Shanga za kioo zilizopatikana huko zilivuka Bahari ya Hindi. Hata hapa Mlimani, kauri ambazo shosho zetu walishonea kwenye mavazi ya ngozi hazikuokotwa mto Chania. Zilitoka baharini, zikapita mkono hadi mkono. Njia kati ya Mlima na Pwani ni ya zamani kuliko reli.

Basi tufanye nini? Kwanza, ukienda Pwani usiishie ufukweni. Ingia Makavazi ya Lamu, ingia Fort Jesus, uwapeleke na wadogo zako. Pili, ukikuta kitu cha kale ardhini, usikichimbue zaidi na usimuuzie mtu wa vyuma chakavu. Sheria ya makavazi ya 2006 inataka ujulishe Makavazi ya Kitaifa. Sarafu iking'olewa bila kuandikwa ilikaa wapi, nusu ya ushahidi wake imepotea.

Tatu, na hili ni la wiki hii: pale Majengo kuna wazee wenye vyeti vya ndoa vya zamani, barua za ardhi, picha za msikiti ukijengwa. Vinaliwa na mchwa chini ya kitanda. Nenda, mpe mzee salamu, muombe ruhusa, piga picha kila karatasi, umrekodi akieleza. Wazee wa Kilwa walituachia majina yao kwenye shaba. Wa kwetu wako hai, na wengine wana miaka 90.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.