Kioo Kikivunjika, Nani Alipe?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Eldoret)



Leo tuzungumze habari ya nyumba za kupanga. Vikundi vingine vimejenga vyumba vya kukodisha huko Langas na Huruma. Wengine wenu mna watoto waliopanga mjini. Kwa hivyo jambo hili linatugusa pande zote mbili.

Shida yenyewe tunaiona kila mara. Mtoto anapiga mpira, kioo kinavunjika. Mama anaogopa dipoziti yake italiwa, basi anaziba dirisha na karatasi, ananyamaza. Mvua ikija, maji yanaingia, ukuta unaharibika. Kioo kimoja tu kimezaa deni kubwa, na uadui juu yake.

Je, sheria inasemaje? Iko Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, vifungu vya 65 na 66. Kwa ufupi:

Kwanza, uchakavu wa kawaida si deni la mpangaji. Rangi imefifia, bawaba imelegea kwa kutumika: asidaiwe.

Pili, moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, wageni wake au wafanyakazi wake, si juu yake kuitengeneza. Hali kadhalika radi, dhoruba na ghasia. Sisi tulioona nyumba zikichomwa hapa Januari 2008 tunajua ghasia ni nini. Nyumba ikiwa haikaliki, kodi husimama, yote au sehemu, mpaka itengenezwe. Miezi 6 ikipita bado, mpangaji aweza kutoa notisi ya mwezi mmoja na kuhama.

Tatu, uzembe ni mzigo wa mpangaji. Umeacha jiko la makaa karibu na pazia, usiseme tu "ilikuwa ajali." Hatuulizi kama ulikusudia. Tunauliza: ulikuwa mwangalifu?

Nayo paa, kuta kuu na mitaro mikuu ya ploti yenye wapangaji wengi ni kazi ya mwenye nyumba.

Sasa tufanye nini?

1. Siku ya kuingia, mwenye nyumba na mpangaji wazunguke pamoja, waandike kwenye daftari kila kilichopasuka au kuvunjika. Wote watie sahihi.
2. Kitu kikiharibika, sema siku hiyo hiyo. Kunyamaza ndiko kunakoongeza gharama.
3. Patana bei na fundi mbele ya wote wawili, risiti iwekwe.
4. Vikundi vyenye nyumba, dipoziti ni amana, si mapato. Kateni gharama ya uharibifu tu, mrudishe inayobaki.

Hata Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinasema aliyewasha moto ukaenea na kuteketeza nafaka ya jirani, lazima alipe. Haki haimwonei mpangaji, wala haimpotezei mwenye nyumba mali yake.

Maswali ya kikundi: Je, nyumba zetu zina daftari? Na mpangaji wetu akivunja kitu, anatuambia au anatuogopa?

Mungu awabariki.