Kichwa Kikigonga, Mapafu Yanafurika

Polisi na vijana wa bodaboda huvutana kuhusu helmeti. Kinachotutia hofu ni kwamba kila anayezungumza anaishia kwenye fuvu. Helmeti hulinda fuvu, basi. Jamani, kichwa kikigonga chini, mapafu ndiyo yanayofurika.

Si kila pigo huleta haya, ila ubongo ukipata kishindo kikubwa, neva zinazouamsha mwili wakati wa hatari huweza kuwaka zote kwa mpigo. Mishipa ya damu hubana mwili mzima, na damu husukumwa kwa nguvu kuelekea mapafuni. Mapafu hayakuumbiwa nguvu hiyo: presha ya mkononi ni 120 kwa 80, ya mapafuni haitakiwi kuzidi wastani wa 20. Ikipanda ghafla, maji huvuja hadi kwenye vifuko vya hewa. Mtu ambaye kifua chake hakikuguswa anaanza kutweta, mdomoni povu lenye wekundu, pengine dakika chache tu baada ya ajali. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu askari waliokufa Vietnam kwa majeraha ya kichwa: wengi, mapafu yalikuwa yamejaa. Kilichopigwa ni kichwa, yaliyofurika ni mapafu.

Sasa twende Leparua, kaunti ya Isiolo. Kijana ameanguka kwenye changarawe upande wa hifadhi ya Lewa, helmeti yake inaning'inia kwenye kioo cha pikipiki. Anapakiwa katikati ya dereva na nduguye, shingo inayumba, safari ya Isiolo mjini inaanza. Njiani hakuna oksijeni. Ndiyo maana tunasema: mgonjwa wa Leparua si gunia la mahindi. Kaunti, tunataka ambulensi yenye oksijeni karibu na watu. Yenye oksijeni, si gari lenye king'ora tu!

Nanyi vijana wetu, kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinawataka dereva na abiria wote wawili wavae helmeti. Vaeni! Mkimkuta aliyegonga kichwa, msimpakie pikipiki. Mlazeni ubavu, mmoja ashike kichwa na shingo visipinde, mwingine apige simu, wa tatu asibandue macho kifuani pake. Mkifika hospitali msiseme kichwa peke yake. Semeni na pumzi ilivyokuwa, na ilianza kubadilika saa ngapi.