Maji ya Pili ya Busaa

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Marani. Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo hakuna anayeniuliza kliniki: maji ya kutengenezea busaa, au amarwa.

Mtasema, sista anatufundisha pombe? La hasha. Lakini sherehe za tohara zikifika mwezi wa Desemba, au majirani wakija kwa risaga kulima shamba, chungu huwekwa, na anayechota maji ni mama.

Mwaka mmoja, baada ya sherehe kama hizo, mama aliniletea mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa anaharisha na kutapika, macho yameingia ndani. Mama aliniapia kwamba maji ya kunywa kwake huchemshwa kila siku, nami nilimwamini. Nyanya ndiye aliyekumbuka kwamba mtoto alionjeshwa busaa changa, ile ambayo bado ni tamu. Maji yake yalichotwa mtoni, asubuhi baada ya mvua kubwa. "Lakini sista," akasema, "pombe si huua viini?" Siwezi kuapa kwamba ni maji hayo yaliyomwumiza mtoto. Swali la nyanya, hata hivyo, linahitaji jibu.

Tufuate safari ya maji. Maji ya kwanza ni ya kukandia unga wa mahindi. Unga huo huachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati lenye moto mkali. Hapo moto unatusaidia. Halafu unga uliokaangwa hutiwa chunguni pamoja na kimea cha wimbi, na hapo ndipo huongezwa maji ya pili. Maji haya hayaoni moto tena mpaka yafike mdomoni! Busaa ina kileo kidogo, hakitoshi kuua viini. Uchachu wake hudhoofisha viini vya kipindupindu, lakini viini vya kuhara damu huvumilia uchachu, na virusi vya homa ya manjano ya ini pia.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mtaa wa Broad Street, London. Daktari John Snow aligundua kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bia hapo mtaani hawakufa, kwa kuwa walikunywa bia na hawakugusa maji ya bomba la mtaani. Watu husikia hadithi hiyo wakasema, unaona, pombe ni dawa. Lakini bia ile maji yake huchemshwa kabla ya kuchachushwa, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Kilichowalinda ni maji.

Basi chota kwenye chemchemi iliyojengewa, ile ensoko yenye bomba la kutolea maji, isiyo chini ya choo cha mtu. Choo kiwe mbali angalau mita 30. Maji ya mvua ya paa la mabati ni mazuri pia, ila mvua ya kwanza iache ioshe paa. Maji ya mto ukiwa mwekundu kwa udongo yaache kabisa.

Hata ya chemchemi, yachemshe. Yakianza kububujika, acha dakika tatu, funika, yapoe humo humo. Kuni ni ghali, najua, lakini ni maji ya pili tu ninayokuomba.

Wengine huniambia dawa ya klorini huzuia busaa kuchachuka. Ni kweli, ikizidi inaweza kudhuru hamira. Ukitumia dawa, fuata kipimo cha chupa, ngoja nusu saa, kisha funika chombo kwa kitambaa safi hadi kesho yake ili klorini ipungue. Usiache kutibu maji kwa ajili hiyo.

Chombo nacho kiwe chungu au ndoo ya plastiki ya chakula. Usitumie mtungi uliokuwa na dawa ya shamba, hata ukiuosha mara kumi. Ndoo ya mabati pia hapana, kwa sababu uchachu hula mabati na mnywaji hutapika.

Mtoto asipewe busaa, changa au iliyoiva. Mama mjamzito vivyo hivyo. Na wewe unayenyonyesha, yule anayekuambia busaa huongeza maziwa anakudanganya. Kileo hupita kwenye maziwa hadi kwa mtoto. Uji wa wimbi unatosha.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha na umpe maji ya ORS, kidogo kidogo kwa kijiko, kisha mlete kituoni apate na zinki. Akiwa amelegea, hawezi kunywa, au kuna damu kwenye choo, usingoje kupambazuke.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu chanjo ya surua. Njoo na kadi ya mtoto karibu nawe.