Ben Stokes: kati ya siku tano na mipira mia moja na ishirini

Jioni ya tarehe 3 Aprili mwaka 2016, katika uwanja wa Eden Gardens mjini Kolkata, India, mipira minne tu ilitosha kulifanya jina la kijana mmoja kuwa mfano wa kushindwa. Fainali ya Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20 ilikuwa imefika ova yake ya mwisho, yaani mipira sita ya mwisho. Uingereza ilikuwa imepata mikimbio 155. West Indies walihitaji mikimbio 19 zaidi, na aliyekabidhiwa mpira kuwazuia alikuwa Ben Stokes, mwenye umri wa miaka 24. Carlos Brathwaite, ambaye nje ya visiwa vya Karibea walimjua wachache, alimpiga sita mara nne mfululizo. Mara nne mpira uliruka mpaka wa uwanja bila ya kugusa ardhi. West Indies walitwaa kombe ikiwa imebaki mipira miwili, naye Stokes akachuchumaa uwanjani, uso ameuficha.

Tangu wakati huo kisa chake kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu aliyeanguka kisha akainuka. Ni kweli, lakini masimulizi hayo kwa kawaida huupita haraka mchezo wenyewe. Kriketi ya zama hizi, kwa hakika, ni michezo mitatu inayotumia jina moja, na Stokes aliinuka kwa sababu alijua kuchukua elimu ya mchezo mmoja na kuitumia katika mwingine.

Mchezo wa kwanza, na mkongwe kuliko yote, ni Test. Huchezwa kwa siku tano, kwa mpira mwekundu na mavazi meupe, na kila siku hupangiwa ova 90. Wa pili ni wa siku moja, ova 50 kwa kila timu, kwa mpira mweupe. Wa tatu ni wa ova 20, ulioanzishwa nchini Uingereza mwaka 2003 kama mchezo wa kulipwa, nao humalizika kwa muda wa saa tatu na ushei. Katika Test, mpigaji anayeuacha mpira upite bila ya kuugusa husifiwa kwa hekima yake, kwa kuwa wakati anao na wiketi yake ndiyo mali. Katika ova 20 timu ina mipira 120 tu, hivyo kila mpira ulioachwa ni hasara. Mrushaji naye vivyo hivyo: katika Test hutafuta kurusha mahali pale pale saa baada ya saa, mpaka mpigaji achoke kusubiri, katika ova za mwisho za mchezo mfupi hutakiwa kulenga nyayo za mpigaji, na akikosea kwa urefu wa hatua moja, mpira unakuwa chakula.

Ndivyo ilivyokuwa Kolkata. Stokes alilenga nyayo, akakosa. Hakukosa ujasiri wala nguvu. Alikosa kipimo ambacho mchezo ule haukusamehe.

Mwaka uliofuata aliteleza kwa namna nyingine, tena pasipo uwanja. Septemba 2017 alikamatwa baada ya ugomvi wa usiku mjini Bristol. Aliikosa ziara ya Australia, ambako Uingereza ilishindwa mechi nne kwa bila, na Agosti 2018 jopo la mahakama likamwona hana hatia ya shitaka la kupigana hadharani. Bodi ya nidhamu ya kriketi ilimtoza faini ya pauni 30,000 pamoja na adhabu ya kutocheza mechi nane, ambazo tayari alikwisha kuzikosa.

Ndipo ukaja mwaka 2019. Wengi hutaja kwanza tarehe 14 Julai, siku ya fainali ya Kombe la Dunia la ova 50 katika uwanja wa Lord's, London. Stokes, mzaliwa wa Christchurch nchini New Zealand, alipata mikimbio 84 bila ya kutolewa dhidi ya nchi aliyozaliwa. Timu zilimaliza sawa, 241 kwa 241. Zikapewa ova moja moja ya ziada, zikamaliza tena sawa, 15 kwa 15. Uingereza ikapewa kombe kwa kuwa ilikuwa imefikisha mpira mpakani mara nyingi zaidi. Kipimo hicho kilifutwa mwaka huo huo. Lakini siku ile bahati nayo ilicheza: katika ova ya mwisho ya kawaida, mpira uliorushwa na Martin Guptill kutoka mbali uligonga gongo la Stokes alipokuwa akijirusha kuuwahi mstari, ukateleza hadi mpakani. Uingereza ikapata mikimbio sita kwa mpira mmoja, naye Stokes akainua mikono kuomba radhi.

Anayetaka kumwelewa mchezaji huyu heri atazame siku ya tarehe 25 Agosti mwaka ule ule, katika uwanja wa Headingley mjini Leeds. Hiyo ilikuwa Test, dhidi ya Australia. Uingereza ilikuwa imetolewa yote kwa mikimbio 67 katika zamu yake ya kwanza, na sasa ilihitaji 359 ili kushinda. Jioni ya siku ya tatu Stokes alikuwa na mikimbio miwili, baada ya kukabili mipira 50. Asubuhi iliyofuata aliendelea vivyo hivyo, akizuia, akiacha, akizuia tena, kama mtu anayehesabu akiba yake kidogo kidogo. Wenzake waliendelea kutolewa. Alipoingia Jack Leach, mchezaji wa kumi na moja na wa mwisho, bado ilihitajika mikimbio 73, na Stokes alikuwa na 61.

Kuanzia hapo mchezo wa siku tano uligeuka mbele ya macho ya watu. Stokes alitambua kwamba subira imekwisha kufanya kazi yake, akafungua sanduku la ova 20. Alimpiga Nathan Lyon sita kwa kugeuza gongo upande usiotarajiwa. Akapiga magoti na kuupitisha mpira wa Pat Cummins nyuma ya kichwa cha mlinda wiketi, sita nyingine. Hayo ni mapigo ambayo walimu wa zamani wa Test wangemfukuzia mwanafunzi darasani. Kati ya mikimbio 76 ya wawili hao, 74 ilikuwa ya Stokes. Leach, aliyekuwa akifuta miwani yake kabla ya kila mpira, alipata mmoja. Ikibaki miwili, Lyon aliuponyosha mpira ambao ungemtoa Leach. Mpira uliofuata ulimgonga Stokes mguuni mbele ya wiketi, mwamuzi akakataa, na Australia haikuwa na haki ya kukata rufaa kwa kuwa ilikwisha kuitumia. Muda mfupi baadaye Stokes aliupeleka mpira mpakani, akabaki na 135. Uingereza ilishinda kwa wiketi moja.

Basi huo ulikuwa ufundi wa kuhama: kukaa katika mchezo mrefu mpaka saa yake ipite, kisha kuingia katika mfupi bila ya kuyumba. Wapo wengi wanaoweza kimoja. Wanaoweza vyote viwili katika siku moja ni wachache mno.

Lakini mwili na moyo navyo hulipa. Desemba 2020 Stokes alifiwa na baba yake. Aprili 2021 alivunjika kidole akicheza ligi ya India ya ova 20, na Julai mwaka huo akatangaza kupumzika kriketi yote kwa ajili ya afya ya akili yake na kidole hicho, bila ya kutaja siku ya kurudi. Alirudi mwishoni mwa mwaka, na Aprili 2022 akateuliwa nahodha wa timu ya Test iliyokuwa imeshinda mechi moja tu kati ya 17.

Tazama ratiba ya majira ya kiangazi ya mwaka ule. Tarehe 22 Juni timu ya Uingereza ya ova 50 ilikuwa ikimaliza mechi nchini Uholanzi. Tarehe 23 timu ya Test, iliyoongozwa na Stokes, ilianza mechi mjini Leeds. Wachezaji wa kuziba nafasi zote mbili walipatikana kwa kuwagawa makundi mawili. Tarehe 5 Julai Stokes alimaliza Test dhidi ya India mjini Birmingham, ambamo Uingereza ilifukuzia mikimbio 378 na kuipata. Wiki moja baadaye alikuwa London kwa mpira mweupe, kisha mechi ya pili siku mbili baadaye, na ya tatu mjini Manchester tarehe 17. Siku iliyofuata akatangaza kuuacha mchezo wa ova 50, akieleza kwamba michezo mitatu kwa pamoja haibebeki tena na kwamba wachezaji si magari ya kujazwa mafuta na kuendeshwa. Mechi yake ya kuaga ilichezwa Durham, nyumbani kwake kimichezo, dhidi ya Afrika Kusini. Alipata mikimbio mitano.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki malalamiko haya huenda yakasikika kama ya mtu aliyeshiba. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50 mwaka 2003, lakini haijawahi kupewa hadhi ya Test, na mwaka 2014 ilipoteza hata hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Uganda ilipofika Kombe la Dunia mwaka 2024, ilikuwa lile la ova 20. Kijana wa Nairobi au Kampala halemewi na michezo mitatu; yeye amebakiziwa mmoja tu mfupi, wala hana pa kujifunzia subira ile ya Headingley.

Na subira hiyo ndiyo iliyolipa deni la Kolkata. Tarehe 13 Novemba 2022, mjini Melbourne, Uingereza ilicheza tena fainali ya Kombe la Dunia la ova 20, safari hii na Pakistan. Kumbuka kwamba hadi siku hiyo Stokes hakuwa amewahi kufikisha mikimbio 50 katika mechi yoyote ya kimataifa ya ova 20. Pakistan ilipata 137 tu, lakini warushaji wake walikuwa wakali na wiketi tatu za Uingereza zikaanguka mapema. Badala ya kurusha gongo ovyo, Stokes alicheza kama aliye katika Test: alizuia, akachukua mkimbio mmoja mmoja, akavumilia kelele za uwanja mzima. Shaheen Afridi alipoumia goti na kutoka, ova yake ikamaliziwa na Iftikhar Ahmed, na Stokes aliyekuwa akingoja nafasi hiyo akampiga nne, kisha sita. Alimaliza na 52 kwa mipira 49, mwendo ambao katika mchezo huo kwa kawaida hulaumiwa. Naye ndiye aliyechukua mkimbio wa ushindi.

Agosti 2023 alibatilisha uamuzi wake kuhusu ova 50. Mwezi uliofuata alipata 182 dhidi ya New Zealand katika uwanja wa The Oval, idadi kubwa kuliko yoyote iliyokuwa imepatwa na Mwingereza katika mechi za siku moja. Katika Kombe la Dunia nchini India, hata hivyo, nyonga ilimzuia mechi tatu za mwanzo, na mabingwa watetezi walishindwa mechi sita kati ya tisa. Aliporudi alifanyiwa upasuaji wa goti. Mwaka 2024 aliliacha Kombe la Dunia la ova 20 ili aurudishe mwili wake katika hali ya kurusha mpira kwa siku tano.

Tarehe 11 Agosti mwaka huo alicheza katika mashindano ya Uingereza ya mipira mia moja, mchezo mfupi hata kuliko ova 20, katika uwanja wa Old Trafford. Alikimbilia mkimbio mmoja wa haraka, akachanika msuli wa nyuma ya paja, akatolewa nje. Siku kumi baadaye Test ya kwanza dhidi ya Sri Lanka ilianza katika uwanja huo huo, na mechi zote tatu za mfululizo huo Uingereza iliongozwa na Ollie Pope.