SOMO LA REDIO: JINSI WATU WENGI WANAVYOGAWANA MAWIMBI YA SIMU

Somo letu la leo ni simu za mkononi.

Siku ya sikukuu unapiga simu, nayo inakataa. Mnara upo, fedha unazo. Kwa nini? Mawimbi ya redio ni kama ukumbi mmoja: nafasi yake ina mwisho. Wataalamu wamebuni njia nne za kuugawa.

Njia ya kwanza ni vyumba. Simu zilizoanza Chicago, Marekani, mwaka 1983, zilimpa kila mzungumzaji upana wa kilohezi 30 peke yake. Hata aliponyamaza, mwingine hakuweza kuingia.

Ya pili ni zamu. Simu za GSM, zilizoanza Ufini mwaka 1991, huweka watu 8 katika upana wa kilohezi 200. Kila mmoja hupata zamu yake zaidi ya mara 200 kwa sekunde, hata sikio halitambui. Marekani nako, kilohezi 30 zilipogawanywa kwa zamu, zilichukua watu 3 badala ya mmoja.

Ya tatu ni alama. Wote husema pamoja, kila mmoja kwa alama zake, kama Wahaya na Wamakonde ukumbini: kila mtu hufuata lugha yake. Lakini kila anayeongezeka huongeza kelele, na mwenye sauti kubwa huwafunika wenzake. Kwa hiyo, katika simu za kwanza za namna hii, mnara uliiamuru simu kupunguza au kuongeza nguvu mara 800 kwa sekunde.

Ya nne ni ya simu za 4G. Vyumba ni vyembamba, kilohezi 15 tu. Mnara huvigawa kwa mafungu, na huweza kuvigawa upya kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa kadiri ya haja ya kila mtu.

Ipi hubeba wengi? Ni ile isiyoacha nafasi ikae bure. Hata hivyo, ukumbi wenyewe haukui. Basi siku ya msongamano, fupisheni mazungumzo. Huenda jirani anatafuta gari la mgonjwa. Simu ikikataa, peleka ujumbe mfupi. Huo huhitaji nafasi ndogo, na mara nyingi hupita.

Maswali:
1. Kwa nini kugawa vyumba hupoteza nafasi?
2. Watu wangapi hupeana zamu katika kilohezi 200 za GSM?
3. Mnara ukijaa, utafanya nini?

Kwaherini.