Filamu Fupi na Shule ya Watu Wazima

Somo letu la leo ni juu ya filamu fupi.

Filamu fupi ni sinema inayokwisha upesi, pengine kwa dakika kumi tu. Gharama yake si kubwa, kwa hiyo hata kijana asiye na tajiri wa kumsaidia aweza kuitengeneza. Lakini je, ataionyesha wapi?

Shule ya watu wazima ya Oberhausen, Ujerumani, ilijibu swali hilo. Mji huo wakati ule ulikuwa wa makaa ya mawe na chuma. Mwaka 1954 mkuu wa shule, Bwana Hilmar Hoffmann, alianzisha tamasha la filamu fupi. Tarehe 28 Februari 1962 likasomwa huko tangazo la watengenezaji 26: sinema ya zamani imekufa, nasi twataka uhuru wa kutengeneza mpya. Mwaka 1965 ukaanzishwa mfuko wa serikali wa kuwakopesha vijana fedha. Tamasha lingali likifanywa kila mwaka.

Basi, shule kama hii yenu ndiyo iliyofungua mlango. Sasa twaeni madaftari, mwandike sentensi tatu: kama ungepewa dakika kumi, ungeonyesha jambo gani la kijiji chako? Kwaherini.