Kompyuta Kuukuu na Diski Iliyojaa

Kompyuta nyingi zinazoitwa mbovu hazijaharibika. Zimejaa tu, na kabla ya mwenyewe kununua diski mpya, kubana data kunaweza kumpa nafasi.

Si jambo geni. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa MS-DOS 6.0 ikiwa na DoubleSpace, programu iliyobana diski nzima. Jina liliahidi nafasi maradufu, ilhali diski yenyewe haikukua hata kidogo. Kila kitu kilitiwa ndani ya faili moja kubwa. Faili hiyo ikiharibika, barua na hesabu zote zilikuwa hatarini.

Siku hizi Windows hubana folda moja moja. Mwenye kompyuta hubonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua Properties, kisha Advanced, na kutia alama kwenye "Compress contents to save disk space".

Kumbukumbu za chama zilizoandikwa kama maandishi matupu hupungua sana, kwa sababu maneno yaleyale hujirudia. Picha za JPEG na video za simu zimekwisha kubanwa. Kuzibana tena ni kutwanga maji kwenye kinu. Hizo afadhali zihamishiwe flashi. Mashine yenye nguvu ndogo nayo huenda ikachelewa kidogo kufungua faili zilizobanwa.

Nakala hutangulia. Katibu anakili daftari la chama kwenye flashi, aifungue katika kompyuta nyingine na kuona majina na michango yote imo, ndipo abane.